Mgeni wa Kulipa Naye Aandikwe

Soko la dhahabu lilipofunguliwa mjini Geita mwezi Machi 2019, la kwanza la aina yake nchini, wengi walihesabu gramu zitakazopita mle. Wachache walihesabu vitanda. Mnunuzi atokaye Mwanza, fundi wa mitambo, dereva wa lori na hata mtalii aendaye kisiwani Rubondo, wote huhitaji pa kulaza ubavu. Na nyumba za wageni zenye leseni zinapojaa, mwenye chumba cha ziada nyumbani hukipangisha kwa siku. Siku hizi hata simu humtafutia mteja.

Jambo hilo peke yake halina ubaya. Mjane wa Katoro anayemlaza mgeni na kumpikia ugali hamwibii mtu. Ubaya huanza pale biashara inapojificha nyuma ya ukarimu. Mwenye nyumba ya wageni iliyosajiliwa hukata leseni, hukaguliwa na bwana afya, huweka daftari la wageni na kulipa ushuru wa halmashauri. Jirani yake mwenye vyumba kumi nyuma ya ukuta, akiulizwa, hujibu kwamba hao ni shemeji zake. Shemeji gani hao wanaobadilika kila asubuhi?

Tena yuko anayeumia bila kutajwa, naye ni mpangaji wa mwezi. Mwalimu aliyepelekwa Nyarugusu, au Kahama mkoani Shinyanga, asipopata nyumba ya shule hushindana kwa mshahara wake na mtu alalaye siku tatu na kulipa papo hapo. Mwenye nyumba akiona kuwa siku kumi za mfanyabiashara zinazidi mwezi mzima wa mwalimu, notisi haichelewi.

Miji mikubwa ya ng'ambo imekwisha kuliona hilo. Tangu Septemba 2023, New York humtaka anayepangisha makazi yake kwa siku zisizofika 30 ajiandikishe, na awemo nyumbani mgeni anapolala. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba ifikapo mwaka 2028 itaziondoa kabisa leseni za nyumba za watalii. Dawa hiyo ya pili ni kali mno kwa Geita, ambako vitanda bado vinahitajika.

Wala hapana haja ya kwenda mbali. TANU ilipoanzisha mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, balozi alijua nani amelala kwa nani. Utaratibu ule ulikuwa na karaha zake, maana balozi mdadisi aliweza kuugeuza upelelezi. Lakini mgeni hakupotea bila mtu kujua alipolala. Leo kazi hiyo yamfaa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya mwaka 1982, inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo za ushuru. Basi kila anayelaza wageni wa malipo awe na daftari. Mwenye chumba kimoja au viwili alipe kidogo, bila kuzungushwa ofisi tano. Mwenye vyumba vingi abebe mzigo uleule wa mwenye leseni. Daftari hilo ndilo litakaloeleza pia msichana wa shule alifikaje chumbani mwa mtu mzima, jambo ambalo walimu wa machimboni hawahitaji kusimuliwa.

Rasimu za sheria ndogo hutangazwa ili wananchi watoe maoni kabla hazijapelekwa kwa Waziri. Mwalimu na bwana afya waisome hapo hapo ubaoni, na waulize vyumba vya diwani vimewekwa fungu gani.