Bendi za wanafunzi si uhuni, tuzifungulie milango

Pana dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu sisi walimu kwamba kijana akishaonekana na gitaa mgongoni, basi masomo yamemtupa mkono. Dhana hiyo niliishi nayo kwa miaka mingi, tena sikuishi nayo kimya. Wakati fulani nilipewa jukumu la kusimamia matumizi ya vyumba katika idara yetu. Jioni moja niliwakuta vijana wanne, wote wanafunzi wa mwaka wa pili, wakipiga muziki katika chumba cha mihadhara ambacho kilikuwa kitupu tangu saa kumi. Niliwaamuru wakusanye vyombo vyao watoke. Kesho yake nikaagiza mlango ule utiwe kufuli mpya.

Naandika leo kuungama kwamba nilikosea. Naandika pia kwa sababu naamini kosa hilo si langu peke yangu. Ni kosa la shule na vyuo vingi humu nchini.

Muhula uliofuata, mmoja wa vijana wale, mpiga gitaa la besi, aliingia katika darasa langu la fonolojia ya Kiswahili. Siku hiyo nilikuwa nikifundisha mkazo. Kama wajuavyo walimu wenzangu, mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mfano tunaoupenda ni ule wa neno "barabara". Ukitia mkazo katika silabi ya tatu, unataja njia ya kupitia magari. Ukiutia katika ya pili, unasema "sawasawa". Nilimaliza, nikafuta ubao, nikaanza kutoka. Kijana akanifuata.

"Daktari, samahani," akasema, "naomba usikilize kitu."

Alinipa simu yake. Ulikuwa wimbo wa bendi yao kuhusu barabara ya kurudi nyumbani kijijini. Tuni ilikuwa tamu, lakini uzito wake uliangukia silabi ya pili ya neno lile, kila kiitikio kiliporudi. Kijana alikuwa ameshagundua kabla sijafungua kinywa. "Tumeimba sawasawa tukidhani tumeimba njia," alisema. "Sasa nimejua kwa nini wimbo huu umekuwa ukinikera."

Nimefundisha mkazo kwa zaidi ya miaka kumi. Wanafunzi huikariri kanuni, huiandika katika mtihani, kisha huisahau kabla ya likizo kwisha. Huyu hakuikariri. Aliisikia. Na aliisikia kwa sababu alikuwa na sauti yake mwenyewe imehifadhiwa, akairudia usiku baada ya usiku, mpaka sikio likakataa kudanganywa.

Jumamosi moja niliitikia mwaliko wao nikaenda kuona wanakorekodi. Nilitarajia studio. Nilikuta chumba kimoja cha kupanga, alimoishi mwimbaji wao, katika mtaa ulio nyuma ya chuo. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, blanketi mbili zimetundikwa mlangoni, na maikrofoni imefungwa kwenye mpini wa ufagio uliosimikwa katika ndoo ya mchanga. Je, hicho kilikuwa kichekesho? La hasha. Ukuta mtupu wa saruji huirudisha sauti, na sauti inayorudi huchanganyika na ile itokayo kinywani, wimbo ukasikika kana kwamba umeimbwa bafuni. Godoro na blanketi huumeza mwangwi huo. Vijana wale walikuwa wamejifunza somo la fizikia kwa masikio yao.

Wao hurekodi usiku wa manane, matatu zikishanyamaza na jirani akishazima redio. Kwanza hutia besi, kisha gitaa, mwisho sauti za waimbaji. Kila kimoja hurekodiwa peke yake, mwenye zamu akiwasikiliza waliomtangulia kupitia vipokea sauti vya masikioni. Mbwa akibweka, huanza upya. Umeme ukikatika kabla kazi haijahifadhiwa, huanza upya. Usiku ule nilihesabu: ubeti mmoja uliimbwa mara 17.

Niliona kwamba mdundo wa ngoma ulitoka katika kompyuta. Nikauliza mpiga ngoma wao yuko wapi, maana niliwakumbuka wakiwa wanne. Walitazamana. Ndipo mpiga besi akanijibu kwa upole kwamba mwenzao aliacha. Gitaa laweza kupigwa chumbani usiku kwa sauti ya chini, lakini ngoma haiwezi. Ngoma ilikihitaji kile chumba cha mihadhara.

Hakuna aliyenilaumu. Nilirudi nyumbani nikijilaumu mwenyewe.

Yupo atakayesema kwamba muziki wa chumbani ni mchezo wa watoto. Mnamo Januari 1982, Bruce Springsteen wa Marekani alikaa katika nyumba aliyokuwa akiishi jimboni New Jersey, akarekodi nyimbo kwa mashine ya kaseti yenye njia nne tu za sauti. Alikusudia ziwe mfano wa kuwaonyesha wanabendi wenzake. Hatimaye kaseti ile ndiyo iliyotolewa mwaka huo huo kuwa albamu ya Nebraska. Albamu ya kwanza ya Billie Eilish, iliyotoka mwaka 2019, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa katika chumba cha kulala cha kaka yake mjini Los Angeles, na mwaka 2020 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Lakini kwa nini twende mbali? Just a Band ilianzishwa mwaka 2003 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2008, na mwaka 2010 video ya wimbo wao "Ha-He" ilimrudisha shujaa Makmende midomoni mwa Wakenya wote. Sauti Sol ilianza mwaka 2005 kwa vijana waliokuwa wamesoma pamoja katika Shule ya Upili ya Upper Hill. Albamu yao ya kwanza waliipa jina la Kiswahili, Mwanzo, na walipoaga jukwaa kama kundi mnamo Novemba 2023, walikuwa wameimba pamoja kwa takriban miaka 18. Bendi hizi mbili zilichipuka miongoni mwa watu waliokutana masomoni. Ni ngapi nyingine zilizokufa nyuma ya milango tuliyoifunga?

Hebu sasa tuutazame uchumi wa bendi changa, kwani wengi wetu tunadhani vijana hawa wanaogelea katika fedha. Bendi ninayoieleza ilialikwa kutumbuiza katika mkahawa mmoja usiku wa Ijumaa. Walipiga muziki kwa saa tatu, wakalipwa Sh7,500 mwendo wa saa saba usiku, mwenye mkahawa alipomaliza kuhesabu mauzo yake. Kusafirisha vyombo kulikuwa kumewagharimu Sh2,500. Mpiga ngoma wa kukodi alichukua Sh1,500. Chumba cha mazoezi walichokodi kwa saa nne wiki hiyo, kwa Sh500 kila saa, kilimeza Sh2,000. Zilibaki Sh1,500 za kugawana watu watatu, yaani Sh500 kila mmoja. Lau wangekuwa na chumba cha bure chuoni na mpiga ngoma wao wa awali, wote wanne wangepata Sh1,250 kila mmoja. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kufuli yangu, na niliwatoza bila hata kujua.

Walimu wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kulifikiria jambo hili. Kila mwaka tunawatesa wanafunzi kwa kuwahesabisha mizani. Tunawaambia kwamba shairi la kimapokeo lina mizani 16 katika mshororo, 8 katika ukwapi na 8 katika utao, nao huhesabu kwa vidole wasijue ni kwa nini mtu alijisumbua kutunga hivyo. Tunasahau kuwaeleza kwamba ushairi huo ulitungwa uimbwe. Kijana aliyewahi kuyapachika maneno ya Kiswahili katika tuni inayokwenda kwa mapigo manne anajua mizani ni nini. Neno lenye silabi tano halikubali kuingia mahali pa silabi tatu. Huna budi kulikata, kulirefusha au kutafuta jingine. Hiyo ndiyo inkisari na mazida tunayoifundisha ubaoni kana kwamba ni orodha ya magonjwa.

Sisemi kwamba mwimbaji hana ruhusa ya kuukiuka mkazo. Watunzi wana uhuru wao, na wakongwe waliutumia. Lakini uhuru una maana pale mtu anapojua anachokikiuka. Wala sisemi kwamba kila bendi iimbe kwa Kiswahili sanifu. Waimbe kwa Kiluhya, kwa Kikamba, kwa Sheng au kwa Kiingereza. Mwanaisimu hawezi kuichukia lugha ya mtu. Ninachotaka ni wasikilize wanachokisema.

Wazazi watauliza: na masomo je? Swali hili ni la haki, wala sitalikwepa. Mwimbaji wa bendi hii alikosa jaribio moja katika somo langu kwa sababu alikuwa amerudi alfajiri kutoka kutumbuiza, na nilimpa sifuri aliyostahili. Baa si mahali pa kumlea kijana wa miaka 19, na saa saba usiku si saa ya mwanafunzi kuwa barabarani akibeba kipaza sauti. Lakini tujiulize ni nani aliyewapeleka huko. Tukiwafukuza saa kumi na moja jioni kutoka chumba chenye taa na askari wa lango, tusishangae kuwaona usiku katika chumba chenye pombe. Maovu tunayoyaogopa hustawi pale ambapo mwalimu hayupo.

Tena tuna unafiki wetu. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1927, huchukua wiki nyingi za mazoezi. Tunawanunulia wanafunzi sare, tunakodi mabasi, tunashangilia vikombe. Tamasha likiisha, ngoma hurudi stoo na ufunguo hurudi mfukoni mwa mwalimu hadi mwaka ujao. Muziki ukileta kikombe ni kipaji. Ukipigwa na vijana wanne kwa hiari yao ni uhuni. Sasa mtaala wa umilisi umetenga mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu. Je, mkondo huo utapita wapi ikiwa milango imefungwa?

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za wafadhili. La kwanza, kila shule na chuo kitenge chumba kimoja, angalau jioni mbili kwa wiki, kwa bendi za wanafunzi. Pawe na daftari la kutia sahihi na mwalimu wa kusimamia. La pili, idara za lugha zishirikiane na vijana hawa. Maikrofoni na vinasa sauti tunavyotumia kurekodi wasemaji wa lugha zetu vinaweza pia kurekodi wimbo, na programu kama Audacity imekuwa ikipatikana bure tangu mwaka 2000.

La tatu, tuwafundishe kuandika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huulinda utunzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na huilinda sauti iliyorekodiwa kwa miaka 50. Lakini sheria haiwezi kujua ni nani aliyetunga kiitikio usiku ule chumbani. Wimbo wa Malaika ulivuma dunia nzima baada ya kurekodiwa na Fadhili William, na hadi leo kuna wanaoshikilia kwamba mtunzi wake ni Adam Salim wa Tanzania. Karatasi moja yenye majina, tarehe na mgawo wa kila mtu, iliyotiwa sahihi kabla ya wimbo kutoka, ingewaepusha vijana wengi na uadui wa kesho.

Kwa upande wangu, chumba kile sasa hufunguliwa kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja hadi saa mbili usiku. Hukaa humo nikisahihisha kazi za wanafunzi, na kelele nimeizoea. Bendi tatu zimeshajiandikisha. Ile ya kwanza imeurekodi upya wimbo wa barabara, na mkazo umetua panapostahili. Mpiga ngoma wao niliwahi kumtumia ujumbe nikimwomba radhi na kumwarifu kwamba mlango u wazi. Alinishukuru kwa adabu, akasema ngoma zake alishaziuza.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walimu wenzangu, atatunzwaje ikiwa kwao tumekutia kufuli?