Mbio Zisiwe Adhabu

Karatu, mji wa udongo mwekundu kwenye njia iendayo Ngorongoro, ndiko alikozaliwa mwaka 1953 Filbert Bayi, yule aliyeongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho huko Christchurch mwaka 1974, akaivunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2.

Fahari ya Bayi peke yake haitoshi kuwafanya vijana wa leo wapende kukimbia. Shirika la Afya Duniani limewausia vijana waushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na kwa hesabu zake wanne katika kila watano ulimwenguni hawafikii kadiri hiyo. Mtoto wetu atembeaye kwenda shule pengine huitimiza kabla ya adhuhuri; lakini hiyo ni dharura, si raghba, na siku atakapopata nauli ya bodaboda mazoea hayo yatatoweka.

Raghba yenyewe twaiua kwa mikono yetu. Mwanafunzi akichelewa mstarini huamriwa kuuzunguka uwanja, vumbi likimpanda hadi magotini na wenziwe wakimcheka. Atazipenda vipi mbio? Na wasichana, wafikapo baleghe, huuacha uwanja kimya kimya, kwa haya ya mavazi na kwa kazi za jioni zinazowangoja, hali kaka zao wanaufukuzia mpira. Hili lanihuzunisha kuliko yote.

Rai yangu ni kwamba walimu waiondoe riadha katika adhabu, wawape vijana hiari ya kuchagua mchezo pamoja na marafiki zao, na wazazi wawaachie mabinti nafasi yao ya alasiri kabla ya kuwatuma maji na kuni.