Mfuko wa Saruji Unaovuka Bahari Mara Mbili

Mwananchi wa Makoongwe aliyeazimia kuinua nyumba ya matofali hununua saruji iliyosafiri kuliko wengi wetu. Kwa kawaida mfuko wa kilo 50 hutoka kiwandani Tanzania Bara, hupakiwa chomboni hadi bandari ya Mkoani, hushushwa kwa mabega ya wachukuzi, kisha hupakiwa tena katika mashua na kuvushwa hadi kisiwani. Kila mkono unaougusa una ujira wake, na ujira wote hulipwa na mvuvi yule yule. Haishangazi basi kwamba fundi huambiwa auchanganye na mchanga mwingi kuliko inavyopasa, na mara nyingine mchanga wenyewe huwa wa pwani, wenye chumvi. Matokeo yake tumeyaona sote: tofali likikwaruzwa kwa ukucha hutoa unga, na chuma ndani ya zege hushika kutu kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa deni.

Wazee wetu walijenga kwa mawe na chokaa, na kuta zao nyingine zingali zimesimama. Wapo wanaosema turejee huko. Hatuafikiani nao. Tanuu la chokaa hula matumbawe, na tumbawe ni nyumba ya samaki. Hula na magogo, nasi hatuna mikoko wala minazi ya kutupia motoni. Anayebomoa nyumba ya samaki ili ajenge yake atakuja kuishi ndani yake kwa njaa.

Lakini hata saruji ya kiwandani ina deni lake, ambalo halikuandikwa juu ya mfuko. Ili kuipata, mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo kwa moto wa nyuzi 1,450 za Selsiasi, mpaka yageuke vipande vigumu vinavyoitwa klinka, ambavyo husagwa. Moto huo hutoa moshi, na jiwe lenyewe hutoa hewa ukaa iliyofungwa ndani yake: kila kilo 1,000 za mawe safi ya chokaa huachia kilo 440 za hewa hiyo. Ndiyo maana, hata kama moto ungekuwa hauna moshi kabisa, kosa lisingefutika. Kwa jumla saruji hubeba kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote itokanayo na shughuli za binadamu duniani. Afisa anayedhani kwamba hayo ni mambo ya nchi kubwa tu, na aende Kisiwa Panza, jirani ya Makoongwe, akaone maji ya chumvi yalivyoingia katika mashamba ya watu.

Sasa tutazame wanawake wawili, wote wahandisi, walioamua kuhangaika na jambo hili.

Wa kwanza ni jirani yetu wa Kenya, Bi Nzambi Matee. Mwaka 2017 aliacha kazi yake katika shughuli za mafuta akafungua karakana ndogo nyuma ya nyumba ya mama yake, Nairobi. Azma yake ilikuwa kuchanganya taka za plastiki na mchanga, kuzipasha moto na kuzikandamiza kwa mtambo, zipatikane matofali ya kutandika njia yasiyohitaji saruji hata punje. Majirani walilalamikia kelele za mashine, naye akawaomba wamvumilie mwaka mmoja. Alikosea vipimo mara nyingi. Sisi tuliosoma chuoni kwa ubao tunajua kwamba ubao huoshwa ukaandikwa upya, na wala hakuna aliyeita jambo hilo aibu. Baadaye alipata nafasi ya masomo Marekani, na huko akatumia maabara ya Chuo Kikuu cha Colorado kupimia mchanganyiko wake. Kampuni yake inaitwa Gjenge Makers. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimtunuku kuwa mmoja wa vijana mashujaa wa dunia, na ilipofika mwaka 2021 karakana ilikuwa ikitoa matofali kiasi cha 1,500 kwa siku na imekwisha kutumia tani 20 za taka.

Tumeyataja haya kwa tahadhari. Plastiki huwaka, na tofali la namna hiyo ni la njia na uwanja wa skuli, si la ukuta wa jikoni. Tena si kila plastiki hufaa. Chupa za maji, ambazo ndizo mawimbi hututupia pwani kwa wingi, hazimo katika aina anazozitumia. Na mtu yeyote asije akasoma safu hii kisha akayeyusha mifuko katika sufuria nyuma ya nyumba, kwani moshi wake ni sumu. Bi Matee hakutuletea mapishi ya kuigwa ovyo. Alichokifanya ni kupima, kukosea, na kupima tena, mpaka ikapatikana bidhaa inayouzika.

Wa pili ni Profesa Karen Scrivener, Mwingereza, ambaye maisha yake yote ya kazi yamepita katika kuuliza nini hasa hutokea ndani ya saruji inapokutana na maji. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1984 katika Chuo cha Imperial, London. Kuanzia mwaka 1995 alifanya kazi katika maabara ya kampuni ya saruji ya Lafarge huko Ufaransa. Na mwaka 2001 akaenda kufundisha Lausanne, Uswisi. Yeye na wenzake walipunguza klinka hadi nusu tu ya saruji. Nafasi iliyobaki waliijaza kwa udongo uliochomwa kiasi cha asilimia 30, unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa asilimia 15, na jasi asilimia 5. Udongo huo huhitaji moto wa nyuzi 700 hadi 850 tu. Tena si lazima uwe udongo bora. Ule wa daraja la chini unaotupwa kando ya machimbo hufaa, na mawe ya chokaa yaliyokataliwa na kiwanda hufaa pia. Hewa ukaa hupungua kwa asilimia 30 hadi 40.

Linalotugusa zaidi ni mahali saruji hiyo ilipojaribiwa. Miongoni mwa wenzake wa mwanzo alikuwa Profesa Fernando Martirena wa Cuba, na jaribio la kiwandani lilifanyika katika kiwanda cha Siguaney cha nchi hiyo. Kisiwa chenye uhaba wa fedha za kigeni na uhaba wa mafuta kilitazama udongo wake mwenyewe na kuupeleka maabara.

Hatudai kiwanda cha saruji Makoongwe. Hilo litakuwa porojo. Lakini Pemba ina udongo, ina mawe ya chokaa, na ina mpunga. Katika kila kilo 1,000 za mpunga, kilo 200 hivi ni kumvi, na kumvi hizo zikichomwa kwa moto wa kiasi hubakisha majivu yapatayo kilo 40, yenye uwezo wa kushika mahali pa sehemu ya saruji. Yakichomwa kwa moto mkali mno uwezo huo hupotea, wala jicho haliwezi kuutambua, sharti kipimo. Nani anayepima Pemba leo? Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipo, na Taasisi ya Viwango Zanzibar ipo. Tungependa kuona taarifa yao juu ya udongo wa Wilaya ya Mkoani na majivu ya kumvi zetu, imeandikwa kwa lugha ambayo fundi wa Makoongwe ataisoma.

Jingine ni la mabinti. Msichana wa kisiwa kile anayetaka uhandisi hana budi kuvuka bahari kama ule mfuko: kwanza hadi Mkoani, kisha hadi Unguja au Bara. Tofauti ni kwamba mfuko hurudi Makoongwe, na yeye mara nyingi harudi. Tusimlaumu. Bi Matee alipata mama aliyempa uwanja na maabara iliyomfungulia mlango, na Profesa Scrivener alipata vyombo vya kutazamia chembe za saruji kwa miaka 40 na zaidi. Viongozi wetu wanaotoa vyeti na vitenge kila Machi 8 wanaombwa watujibu swali moja kabla ya bajeti ijayo: binti huyo akirudi leo Mkoani na kilo 2 za udongo wa kwao ndani ya pakacha, ni mlango wa ofisi gani utakaofunguliwa, na ndani yake kuna tanuu na mizani, au mna meza na kalenda tu?