Mashetani Wekundu wamestaafu

Wiki hii nawapeleka Panama, nchi ile yenye mfereji maarufu wa meli. Meli waachie wenye nazo, mimi nataka tupige stori za mabasi.

Jijini Panama City kwa miaka mingi watu walipanda "Diablos Rojos", yaani Mashetani Wekundu. Yalikuwa mabasi makuukuu ya wanafunzi kutoka Marekani, yamepigwa rangi kali na kuchorwa sura za mastaa, muziki unadunda hadi vioo vinatetemeka. Madereva walifukuzana barabarani kugombea abiria, maana riziki yao ilitegemea idadi ya vichwa. Raha tupu, au siyo?

Ngoja kwanza. Oktoba 23, 2006 basi moja la abiria lilishika moto jijini humo. Watu 18 wakafa. Hapo ndipo watu wengi walipoona kuwa mambo ya usafiri si ya kuchezea.

Mwaka 2010 yakaanza mabasi mapya ya Metrobús, na Machi 2013 Mashetani wakaondolewa rasmi katika njia za jiji. Aprili 2014 ikafunguliwa treni ya Metro, ya kwanza Amerika ya Kati.

Wapo wanaoyakumbuka yale manjonjo, wala siwalaumu. Ila rangi haizimi moto jamani, na muziki haufungui mlango. Kwangu mimi basi la maana ni lile linalokurudisha nyumbani mzima.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!