Daftari la Kiingereza na mama "asiyejua Kiingereza"

Saa mbili usiku, chakula kimeshaliwa. Mtoto wa kidato cha kwanza, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anamwekea mama yake daftari mapajani. Sentensi yake, "I enjoy to read", imekatwa kwa kalamu nyekundu. Mama anaitazama, haoni kosa. "Mwanangu, hicho Kiingereza chenu mimi sikijui. Kamuulize mwalimu." Daftari linafungwa. Hilo likijirudia mara tatu nne, mtoto huacha kulileta, na mzazi huja kushtukia mambo kwenye ripoti ya mwisho wa muhula.

Inasikitisha, maana kosa lenyewe limetoka kwenye Kiswahili, lugha ambayo mama anaimudu vizuri. Kwetu "kusoma" ni neno moja lenye kazi mbili. "Nataka kusoma", "nimemaliza kusoma": halibadiliki. Kiingereza kina maumbo mawili: "I want to read", lakini "I have finished reading". Mtoto amedhani kila "ku" ni "to". Huo si uvivu.

Umbo hilo la "-ing" linapofanya kazi ya jina, walimu huliita jerandi. Neno linatisha bure. Mama anaposema "kuimba kwake kunanifurahisha", kuimba hapo ni jina kamili, lina na ngeli yake, ya KU. Kwa Kiingereza ni "her singing". Anayehisi kwamba "kuimba yake" inakwaruza masikio ameshafika nusu ya safari.

Pa kuanzia ni kwenye asante na samahani. Asante kwa kuja, samahani kwa kuchelewa, baada ya kula, kabla ya kulala, bila kuaga. Kwenye maneno ya namna hii Kiingereza hudai "-ing": "thank you for coming", "sorry for being late", "after eating", "before sleeping", "without saying goodbye". Mtego uko kwenye barua: "I look forward to hearing from you". Wengi huandika "to hear", kumbe "to" hiyo inafanya kazi kama "for" ya kwenye asante.

Kwa vitenzi hakuna njia ya mkato. "Enjoy", "finish", "avoid" na "keep" hufuatwa na "-ing". "Want", "hope", "decide" na "promise" hufuatwa na "to". "Like" hukubali zote. Wapo wanaofundisha kwamba jambo ambalo bado halijafanyika huchukua "to". Inasaidia kidogo, ila "suggest" inaivuruga mapema: "she suggested going", na hakuna aliyekwishakwenda. Afadhali kukariri kwa sentensi za nyumbani. "Father stopped smoking": baba ameacha sigara. "Father stopped to smoke": baba amesimama njiani ili avute. Huyo ni baba mwingine kabisa.

Tena si kila "-ing" ni jerandi. "She is singing" ni "anaimba". Kwa kawaida inatosha kurudisha sentensi kwenye Kiswahili: ikija na "ku", kama kuimba, ni jina, ikija na "na" au "ki", kama anaimba au akiimba, siyo.

Kwa hiyo yule mama hana haja ya kulifungua daftari. Anaweza kuwa anachambua mchele wa kesho, akatupa Kiswahili, mtoto akageuza.

"Asante kwa kupika."

"Thank you for cooking."

"Aliondoka bila kula."

"She left without eating."

"Haya, samahani kwa kutoosha vyombo."

Mtoto anafikiri. "Sorry for not washing the dishes." Kisha anageuka kuangalia beseni, ambalo limejaa vilevile tangu jioni.