Je, Mama Naye Si Mchimbaji?

Ndugu wachimbaji wa Rubaya, nanyi wa Bisie na Ndjingala, pamoja nanyi watu wa mjini: katika kazi hii ya madini nani anahesabiwa? Anahesabiwa anayeshuka shimoni. Anahesabiwa mwenye shimo, na mnunuzi, na mwenye bunduki barabarani. Mama hahesabiwi.

Na mama huyo twamjua sote. Alfajiri yuko mtoni akiosha mchanga wa madini, au anaponda mawe kwa nyundo, mtoto mgongoni. Mchana apika bugali na sombe, awauzie wachimbaji kwa deni, na deni hilo hulipwa siku shimo likitoa. Lisipotoa, bwana hurudi usiku ananuka pombe, na vita huanza nyumbani. Kijana wao mkubwa ameacha shule ili abebe mizigo.

Kumbukeni Bisie. Madini ya bati yalipoonekana huko mwaka 2002, mizigo ya kilo 50 ilishuka mlimani kwa migongo ya watu, mwendo mrefu porini hadi Ndjingala, na kila kizuizi kilidai fungu lake. Septemba 2010 Rais Kabila akafunga machimbo ya Kivu na Maniema mpaka Machi 2011. Machimbo yalifungwa kwa amri. Njaa ya watoto haikufungwa, na aliyeulizwa chakula alikuwa mama.

Tazameni Rubaya. M23 waliishika Aprili 2024, na mwaka uleule wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi ya koltani iliwapa si chini ya dola 800,000 kwa mwezi. Na mjane wa mchimbaji aliyefukiwa na udongo, yeye alipewa ngapi?

Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimlazimisha mke kuomba ruhusa ya mume kabla ya kufanya mkataba. Mwaka 2016 jambo hilo liliondolewa. Vema, lakini sheria iko Kinshasa, na daftari la shimo liko mlimani mikononi mwa wanaume.

Twataka jina la mama liandikwe katika daftari hilo kwa kazi yake mwenyewe, siyo kama mke wa fulani. Akifiwa, fungu la marehemu lifike mikononi mwake kabla shemeji hawajaketi kuligawa. Nanyi wachimbaji, msingoje serikali: Jumamosi hii, kabla ya kwenda kunywa, lipeni kwanza deni la sombe.