Munganga wa kusema: tumutafute kwa luga gani?



Kwetu Katuba, humu Lubumbashi, ilipita miezi sita nkambo bila kusemesha mujukuu wake hata neno moja. Hawakukosana. Nkambo hakuwa mugonjwa. Alikatazwa.

Aliyemukataza ni munganga wa kusema, ule wanaita ortofonisti. Tulikuwa tumemutafuta karibu mwaka muzima, na tulimulipa na dolare kila juma. Alituambia kwa Kifaransa: mutoto wenu ana otisimu, kichwa chake hakiwezi kubeba luga mbili, kuanzia leo mumusemeshe Kifaransa tu. Miye baba ya mutoto njo niligeuza maneno hayo mu Kiswahili ili nkambo asikie. Nkambo hajui Kifaransa. Aliniangalia, akauliza: "Sasa miye nitamuambia nini?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile akanyamaza.

Naandika haya sababu karibu kila juma kuna muzazi mwenye kuniuliza, ku kanisa ao ku soko: "Papa, ule munganga ya batoto ya otisimu, anapatikanaka wapi?" Ulizo ni zuri, lakini halitoshi. Leo naongeza mengine mawili: munganga huyo atasema na mutoto kwa luga gani? Na atakuacha weye muzazi uingie mu chumba?

Kwa wale ambao jambo hili halijafika mu nyumba yao, niseme kidogo. Otisimu haiambukizi, na si upumbavu. Ni ginsi ubongo wa mutoto unavyojengeka tangu mwanzo, hata inakuwa nguvu kwake kuzungumuza na watu, kuelewa uso wa mutu, ao kuvumilia makelele na mabadiliko. Shirika la afya la dunia, OMS, linahesabu kwamba mu mwaka 2021 mutu mumoja kwa 127 alikuwa nayo. Basi si jambo la wazungu. Wetu alikuwa haitike jina lake, haonyeshe kitu kwa kidole, alishinda kupanga vifuniko vya chupa kwa mustari, na mashini ya kusaga unga ilipolia aliziba masikio na kulia. Kuna waliotuambia ni bulozi. Kwa wale nawakumbusha tu kwamba Katiba ya inchi yetu, kifungu cha 41, inakataza kushitaki mutoto bulozi, na sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inaweka kifungo kwa mwenye kufanya hivyo.

Kabla ya kufika kwa ortofonisti kuna njia ya kufwata, na siye tuliipita vibaya. Tulianza na maombi, tukafwata mizizi, kisha tukalipa skane. Hakuna damu ya kupima wala skane yenye kuonyesha otisimu. Munganga anaijua kwa kumuangalia mutoto akicheza, na kwa kuuliza wazazi ginsi alivyokomea tangu kuzaliwa. Kitu cha kwanza tungepimisha ni masikio, sababu mutoto asiyesikia naye haitike jina lake. Cha pili, tungemuambia munganga kama mutoto aliwahi kupata malaria ya kichwa ao kifafa, kwani hayo nayo yanaweza kuharibu kusema. Dawa ya kuponyesha otisimu hakuna. Ziko dawa za kifafa ao za usingizi, kama mutoto anazihitaji. Mwenye kukuuzia chupa ya kuondoa otisimu anakula feza zako tu.

Ndipo tukafika kwa ule ortofonisti. Sitaki kumusema vibaya. Alikuwa mutu wa heshima, mwenye kusoma, na wa kazi yake mu muji huu unaweza kutafuta sana bila kuwapata. Lakini vitabu vyake, picha zake na vipimo vyake vyote vilitoka mbali. Siku ya kwanza alimuonyesha mutoto picha ya fasi ya moto ndani ya ukuta wa nyumba, namna wanavyojenga Ulaya, akangojea aitaje. Mutoto hakusema kitu, munganga akaandika sifuri. Mutoto wetu anajua moto vizuri sana. Moto wake ni mbabula na makala. Mbabula haikuwa mu picha zile.

Tuliporudi nyumbani na amri ya Kifaransa tu, tulijikaza. Mama yake na miye tulisoma, Kifaransa tunakijua. Lakini kidogo kidogo tuliona jambo ambalo hatukuwahi kulifikiri. Kifaransa tulichokuwa nacho ni kile cha masomo na cha biro: cha kuamuru na cha kujibu. Viens. Assieds-toi. Mange. Hatukuwa na Kifaransa cha kuogesha mutoto. Hatukuwa na Kifaransa cha kumutania, cha kumubembeleza usiku akiogopa, cha kumuimbia. Maneno hayo tulipewa na wazazi wetu mu Kiswahili, na sasa yalikuwa yamekatazwa. Nyumba ikanyamaza. Mutoto ambaye shida yake ni kuzungumuza na watu, tukamupunguzia watu wa kuzungumuza naye. Nkambo, mwenye kushinda naye kutoka asubui mpaka magaribi, akawa anamupa chakula kimya kimya, sawa vile unavyopa mugeni.

Nimeuliza, nimesoma, na hili naweza kusema bila woga: watafiti waliolinganisha watoto wa otisimu wenye kukomea na luga moja na wale wenye kukomea na luga mbili hawakuona kwamba luga mbili zinachelewesha kusema. Ile amri ni mazoea ya zamani yenye kupita kutoka munganga kwa munganga. Kwa Ulaya, ambako mama wa mutoto anaweza kuwa na Kifaransa cha kutosha kwa furaha na kwa machozi, labda haiharibu sana. Huku kwetu inafunga kinywa cha mutu mwenye kumupenda mutoto kuliko wote.

Feza zilipotuishia, tulimuacha ortofonisti yule. Mutu mumoja akatuelekeza kwa psikologi kijana mu kituo kingine. Tulipoingia hakufungua vitabu. Aliuliza: "Nani anashinda na mutoto?" Tukasema ni nkambo. "Basi juma lenye kuja mumulete." Nkambo akaja, amevaa kikwembe chake cha kanisa. Kijana akasimama, akamusalimia: "Yambo, mama. Ni weye unashindaka na huyu?" "Ni miye, mwana." "Basi weye njo munganga yake. Miye nitakufundisha tu."

Alichomufundisha si siri, na nakiandika hapa ili hata mwenye kukosa feza apate kitu. Usimuambie mutoto "sema! sema!". Kitu anachokipenda ukiweke fasi anakiona lakini hakifikii, kisha ungoje. Hesabu polepole mpaka kumi. Akikuangalia, akinyoosha mukono, akikuvuta kwa nguo, hiyo tayari ni kusema. Hapo hapo weye utaje kile kitu kwa neno moja, na umupe. Akipanga vifuniko, usimunyanganye. Ikala chini, panga naye, kisha ngojea akuachie zamu. Kunawa mikono kukatwe vipande vipande: kufungua robine, kulowanisha, sabuni, kusugua, kupanguza. Mufundishe kipande kimoja tu mpaka akijue. Na kwa asiye na maneno bado, picha: ya sahani, ya choo, ya mulango. Picha hazizuie kusema, zinafungua njia.

Nkambo alifanya hivyo kila siku na kikombe cha maji juu ya kabati. Ilipita miezi mitatu. Asubui moja mutoto alisimama mbele ya kabati, akasema: "Mayi." Alikuwa na miaka sita.

Sisemi alipona. Mupaka leo maneno yake naweza kuyahesabu, na kuna siku anarudi kulia kwa sababu ya mashini ya kusaga. Lakini akiwa na kiu anaomba. Akichoka anasema "basi". Mwenye kuishi na mutoto wa namna hii anajua uzito wa mambo hayo mawili.

Kuna watakaonijibu: "Masomo ni kwa Kifaransa. Ukimufundisha Kiswahili, atasoma wapi?" Nawaelewa, miye mwenyewe nilisema vile. Lakini mutoto anavuka muto kwa kukanyaga jiwe lenye kuwa karibu na mukono wa muto alipo. Akijua kuomba, kukataa na kungojea zamu kwa luga ya nyumbani, mwalimu atapata pa kuanzia. Na sheria ya elimu ya 2014 yenyewe inakubali luga za kitaifa mu kufundisha. Kama luga hizo zinafaa kwa mutoto asiye na shida, zitakosa namna gani kufaa kwa mwenye shida? Tena sisemi Kiswahili kwa wote. Nyumba yenye kuchekea Kifaransa, mutoto wao afundishwe Kifaransa. Mwenye kuogesha mutoto wake mu Kibemba, mu Kiluba ao mu Tshiluba, afwate luga ile.

Basi muzazi mwenye kutafuta, ukifika kwa terapeti, muulize mambo manne kabla ya kulipa. Nitaingia naye mu chumba? Akikataa kabisa, bila kukueleza sababu, tafuta mwingine. Utanipa kazi gani ya kufanya nyumbani? Saa moja kwa juma haitoshe, kazi kubwa iko kwako. Utasema naye luga gani? Kama hajui luga yenu, si kosa, lakini akubali nkambo ao dada awe kinywa chake. La mwisho: ataponea lini? Akikutajia mwezi, toka.

Sasa kwa serkali. Tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inchi yetu ilipata sheria ya kulinda na kuendelesha haki za watu wenye ulemavu. Sheria iko. Ortofonisti wa kila kartie hayuko, na hata tukianza leo kuwafundisha, watoto wetu watakuwa wamekwisha kukomea. Lakini iko njia fupi. OMS ilitengeneza mafunzo ya wazazi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9 wenye shida za namna hii: vikao 9 vya kikundi, na ziara 3 nyumbani. Yalifanywa ili yaongozwe hata na mutu asiye munganga mukubwa, kama muuguzi ao mwalimu aliyefundishwa vizuri. Kwa nini kila zone de santé ya muji huu isiwe na wauguzi wawili wenye kuyaongoza mu Kiswahili?

Na UNILU, chuo kikuu chetu, kiko na fakilte ya psikoloji na malezi. Wanafunzi wake wanasoma kwa Kifaransa, hiyo si zambi. Lakini stage yao iwapeleke ku Kenya, ku Ruashi, ku Katuba, wakaikale chini na wankambo na watoto. Na watuchoree picha zetu: mbabula, ndoo, kikwembe, sahani ya bukari. Mutoto asipewe sifuri sababu hajaona moto wa Ulaya.

Miezi ile sita haitarudi. Nkambo hajawahi kunigombeza kwa ajili yake. Siku moja tu aliniambia: "Mwana, weye ulisoma sana, ukamusikiliza ule munganga. Ungeniuliza miye." Njo maana nimeandika. Weye mwenye kutafuta munganga, endelea kumutafuta. Lakini nyumbani, usimunyamazishe mutu.